Mpokeaji Kwanza: Kufundisha Mawasiliano ya Kikazi Chuoni Katika Zama za Mitandao ya Kijamii



Naomba nianze kwa kuwasomea tangazo. "Kutokana na changamoto za kiufundi zilizojitokeza katika miundombinu ya usambazaji, wateja wetu wanataarifiwa kuwa huduma ya maji itaathirika katika baadhi ya maeneo. Jitihada za kurejesha huduma zinaendelea. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Tangazo hili nimelitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa, ila hakuna mtu humu ukumbini ambaye hajasoma mengine ya namna hii. Huwa nawapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nawauliza lina kosa gani. Wanatafuta makosa ya sarufi na hawayapati, kwa sababu hayamo. Kisha nawaomba wamfikirie mama lishe mwenye meza tatu karibu na stendi, ambaye kesho alfajiri anatakiwa kuinjika chai na kubandika maharage. Amelisoma tangazo lote. Sasa afanye nini? Mtaa wake umo katika hayo maeneo au haumo? Maji yatakatika lini, na yatarudi lini? Ajaze madumu usiku huu, au alale? Tangazo limeandikwa kwa adabu, limegongwa muhuri, limewekwa Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp, na yeye halijamwambia kitu.

Ninalotaka kusema leo ni hili: kozi zetu za mawasiliano ya kikazi zinamfundisha mwanafunzi kutuma ujumbe, lakini hazimfundishi vya kutosha kumjua anayeupokea. Upungufu huo ulikuwapo zamani, ila ulijificha, kwa sababu mwananchi aliyesoma tangazo ukutani na asilielewe alinung'unika akaenda zake. Sasa ananung'unika hadharani, chini ya tangazo lenyewe, na majirani zake wanasoma.

Tuangalie kwanza mlango tunaowaingizia wanafunzi. Yeyote aliyepita kozi ya stadi za mawasiliano anaweza kuchora ule mchoro: mtumaji, ujumbe, njia, kelele, mpokeaji. Unatokana na kazi ya Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa maabara za Bell nchini Marekani, iliyochapishwa mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikatoka kama kitabu pamoja na maelezo ya Warren Weaver. Shannon alishughulika na swali la kihandisi: ni kiasi gani cha taarifa kinaweza kupita katika njia yenye kelele na bado kifike salama. Tangu ukurasa wa kwanza alieleza kwamba maana ya ujumbe haihusiki na tatizo hilo. Kwa kazi yake alikuwa sahihi, na simu zilizomo mifukoni mwenu zinafanya kazi kwa msingi wa hesabu zake. Sisi ndio tuliouchukua mchoro wa mtu aliyeiweka maana kando kwa makusudi, tukaufanya mwanzo wa kozi ambayo kazi yake yote ni maana. Mpokeaji katika mchoro ule ni kisanduku tu. Hana mtaa, hana lugha, hana haraka, wala hahesabu bando lake.

Halafu kuna suala la lugha. Vyuo vikuu vyetu Tanzania vinafundisha kwa Kiingereza, na kwa muda mrefu kozi ya stadi za mawasiliano imekuwa hasa ya kumsaidia mwanafunzi amudu Kiingereza cha chuoni. Lengo hilo ni halali, na mhitimu atakayeandika andiko la kuomba fedha kwa wafadhili wa nje atalishukuru. Lakini mhitimu huyohuyo akiajiriwa katika halmashauri ya wilaya, ataandika Kiswahili kuanzia siku ya kwanza kazini: tangazo la chanjo, mwaliko wa mkutano wa hadhara, majibu kwa wafanyabiashara wa soko walioambiwa wahame. Huenda hajasahihishwa hata ukurasa mmoja wa Kiswahili tangu alipotoka sekondari. Atashika wapi? Atashika kile anachokikuta kwenye mafaili: Kumb. Na., YAH, husika na kichwa cha habari hapo juu, k.n.y. Mtindo huo una kazi yake katika masjala, kwa sababu faili lazima lijulikane na barua lazima iwe na mwenyewe. Ukiuhamisha ulivyo hadi kwenye simu ya mwananchi, anasoma mistari minne kabla hajajua anaambiwa nini.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu. Kama hakimu anatarajiwa kuandika hukumu ambayo mdai ataielewa, sioni kwa nini mwanafunzi wa mawasiliano amalize miaka mitatu bila kupata alama hata moja kwa tangazo la Kiswahili.

Nitoe mfano ambao kitabu cha kiada kilichoandikiwa wanafunzi wa London au Chicago hakiwezi kuwa nao: saa. Ofisa anapanga mkutano wa wazazi. Kalenda ya simu yake imewekwa kwa Kiingereza, kwa hiyo inamwonyesha 10:00. Anainakili ilivyo kwenye tangazo la Kiswahili: "Mkutano utaanza saa 10:00." Mzazi anasoma saa kumi, na kwa Mswahili mkutano wa saa kumi ni wa jioni. Anafunga genge lake mapema, anafika shuleni, anakuta viti vimeshakunjwa. Mwingine, aliyezoea tarakimu za kizungu kazini, amefika asubuhi. Wote wawili wamesoma vizuri. Aliyekosea ni mwandishi, na dawa yake ni maneno machache tu: saa 4:00 asubuhi. Sehemu ya siku isikosekane kamwe kwenye tangazo la Kiswahili. Darasani kwangu anayeisahau anapoteza alama nyingi kuliko aliyekosea tahajia, na najua wapo wanaoniona mkali. Mzazi aliyekosa mkutano wa mwanawe amepoteza zaidi.

Tarehe nayo ina yake. Ubaoni, neno "kesho" lilikuwa na maana kwa sababu kesho kutwa mtu alikuja kulibandua tangazo. Kwenye WhatsApp hakuna wa kubandua. Ujumbe unaosema maji yatakatika kesho utazunguka wiki mbili, na kila siku utakuwa unasema kesho. Mwanafunzi anatakiwa kuelewa jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Ujumbe ukisambazwa, jina la aliyeuandika linabaki nyuma. Kinachosafiri ni maneno peke yake. Kwa hiyo ndani ya maneno hayo lazima ziwemo siku, tarehe na mwaka, mahali kwa jina lake, jina la ofisi, na namba ya kupiga.

Kampuni ya WhatsApp yenyewe ililazimika kujifunza uzito wa kusambaza. Mwaka 2018, baada ya watu kuuawa na makundi yenye hasira nchini India kutokana na uvumi uliopita kwenye simu, ilianza kupunguza mara ambazo mtu anaweza kusambaza ujumbe kwa mpigo. Mwaka 2019 kikomo cha mazungumzo 5 kikawekwa dunia nzima. Aprili 2020, Uviko-19 ilipokuwa imepamba moto, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukaruhusiwa kwenda kwenye mazungumzo 1 tu kwa wakati. Haya ni mambo ya kufundisha kwa kina, kwa sababu yanamweleza mwanafunzi kwa nini kanusho la ofisi yake haliufikii uongo uliotangulia asubuhi.

Na makanusho tunayaandikaje? Tumezoea kuchukua barua ya kughushi, kuipiga kwa rangi nyekundu neno FEKI, na kuiposti upya kwenye ukurasa wa taasisi. Anayeiona kwa haraka, kwenye simu yenye kioo kidogo, anaiona barua kwanza. Tumeusambaza uongo kwa bando letu. Afadhali kuanza na jambo la kweli, kwa sentensi inayojitegemea: ada haijapanda, ni ileile ya mwaka jana. Kuutaja uongo kuje baadaye, kwa ufupi.

Kuna tabia nyingine iliyoenea: kupiga picha barua yenye muhuri na kuiweka mtandaoni kama picha. Naelewa sababu yake. Muhuri unampa mwananchi imani. Lakini maandishi yaliyo ndani ya picha hayatafutiki, yanafifia kila picha inapobanwa na kutumwa tena, na mtu asiyeona, anayesomewa na programu ya simu yake, hapati neno hata moja. Picha iwepo, na maandishi kamili yawe chini yake. Ni kazi ya dakika chache.

Sasa niingie kwenye jambo zito zaidi, nalo ni mawasiliano wakati wa msiba. Vitabu vyetu havikosi kisa cha Tylenol. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago, watu 7 walikufa baada ya mtu kutia sianidi katika vidonge vya kutuliza maumivu vya kampuni ya Johnson & Johnson. Kampuni iliondoa madukani chupa zipatazo milioni 31 na kuzungumza na umma waziwazi. Ni kisa kizuri, wanafunzi wakisome. Lakini nataka waanze na kisa cha hapa jirani, cha mitandao wanayoitumia wao.

Jumamosi ya Septemba 21, 2013, watu wenye silaha waliingia katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Mzingiro ulidumu hadi Jumanne. Watu 67 waliuawa. Shambulio likiwa bado linaendelea, Al-Shabaab, kundi lililofanya shambulio hilo, walikuwa Twitter wakitamba, na akaunti yao ilipofungwa walifungua nyingine. Upande wa serikali walikuwapo wengi: wizara, mkuu wa polisi, jeshi, kituo cha taifa cha kukabili maafa. Kila mmoja alikuwa na akaunti yake na kila mmoja aliandika. Jumatatu wananchi wakaambiwa kwamba vikosi vimezidhibiti ghorofa zote, na bado risasi na milipuko vikaendelea kusikika hadi siku ya pili yake. Washambuliaji walisemwa kuwa kati ya 10 na 15. Baadaye ikabainika walikuwa 4.

Simo katika kuwahukumu waliokuwa kazini saa zile, wakiwa na hofu na usingizi machoni. Nawaomba tu mfikirie mtu ambaye dada yake alikuwa ndani ya jengo. Ana simu mkononi na anasoma kila kinachoandikwa. Anaambiwa yote yamedhibitiwa, kisha anasikia mlipuko. Tangu hapo ataamini nini? Ofisi ikishasema jambo ambalo masikio ya watu yanalikataa, hata lile la kweli litakalofuata halina pa kukaa. Na nafasi inayoachwa wazi, kama tulivyoona, adui alikuwa tayari kuijaza.

Lakini katika siku zilezile Msalaba Mwekundu wa Kenya walifungua dawati la kuwasaidia watu kutafuta ndugu zao, katika kituo cha Oshwal, si mbali na Westgate. Mwenye dada yake ndani hakuhitaji kuambiwa nani anadhibiti ghorofa ya ngapi. Alihitaji mahali pa kwenda na mtu wa kumuuliza. Hapo mpokeaji alifikiriwa kwanza.

Kutokana na kisa hiki nawafundisha wanafunzi kuandika taarifa ya kwanza ya msiba kwa mambo matatu yasiyozidi aya moja: tunachokijua mpaka sasa, tusichokijua bado, na saa tutakayozungumza tena. Jambo la pili ndilo linalowatoa jasho. Kijana aliyelelewa katika shule ambako kutojua jibu ni aibu anaona haya kuandika kwa niaba ya ofisi kwamba idadi ya majeruhi haijajulikana. Anaweka "kadhaa", anaweka "wachache". Tunarudia, tunarudia tena, mpaka sentensi ile itoke bila kigugumizi. Na saa iliyoahidiwa ikifika, ofisi izungumze hata kama haina jipya.

Mfano mwingine wa kwa jirani zetu ni wa Juni 2024. Muswada wa Fedha wa Kenya uliandikwa kwa Kiingereza cha sheria, kama miswada ilivyo. Ndani yake mlikuwa na pendekezo la kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na tozo ya mazingira ambayo ingegusa hata taulo za kike na nepi. Vijana waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwenye TikTok kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani kwao, na usiku wakaujadili kwa sauti kwenye X. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, na vijana walipigwa risasi wakafa. Siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Vifo vile ni msiba, na sivileti hapa kuwa pambo la mhadhara. Ninachowaonyesha ni ufundi wa maelezo yale. Waliuchukua muswada, na kwa kila kifungu wakauliza kinamgusaje anayenunua mkate asubuhi. Ni swali lilelile la mama lishe wetu. Kama kijana mwenye simu tu aliweza kuufanya muswada wa fedha ueleweke sokoni, ofisi yenye wataalamu haina kisingizio cha kushindwa kueleza katizo la maji.

Kuhusu nidhamu ya akaunti nitapita haraka, ingawa nimekutana na mambo ya kusikitisha. Kurasa za taasisi hufunguliwa kwa namba ya simu ya kijana aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Anaondoka na namba yake, na taasisi inapoteza ukurasa pamoja na wafuasi wote. Wengine wanatumia simu moja kwa akaunti yao na ya ofisi, kisha ushabiki wa Simba au Yanga unatokea kwenye ukurasa wa hospitali. Mwanafunzi ajifunze mapema kwamba akaunti ya ofisi ni mali ya ofisi na hukabidhiwa kwa maandishi, kama zinavyokabidhiwa funguo za ghala.

Sheria inataka muda zaidi. Wanafunzi wengi wanaifahamu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa kuiogopa tu. Wameambiwa kwamba kifungu cha 16 kina faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hawajawahi kukisoma. Wangekisoma wangeona kwamba kinazungumzia mtu anayechapisha jambo akijua kuwa ni la uongo au la kupotosha, naye ana nia ya kudhalilisha, kutisha au kudanganya umma. Kuna mjadala halali juu ya ukali wa sheria hii, na chuo kikuu ni mahali pake. Lakini kabla ya mjadala, isomwe. Ofisa asiyeijua sheria huogopa kila kitu, na ofisa anayeogopa kila kitu ndiye anayeandika "baadhi ya maeneo".

Iko nyingine ambayo wanafunzi hawaiogopi hata kidogo, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mwanafunzi anakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo hospitalini au shuleni. Anapiga picha akiwa na mgonjwa kitandani, au na watoto wa darasa la pili, na anaiweka kwenye status yake kwa furaha ya kweli ya kijana aliyeanza kazi. Hana nia mbaya. Lakini yule mgonjwa hakuulizwa, na ndugu zake wa kijijini wamejua anaumwa nini kabla yeye hajaamua kuwaambia. Mpokeaji wa ujumbe sio peke yake anayestahili kufikiriwa. Yupo pia anayeonekana ndani ya ujumbe. Kozi yetu haina budi kumfundisha kijana kuomba ruhusa kwa maneno yanayoeleweka: nataka kukupiga picha, nitaiweka mahali fulani, wataiona watu fulani, na ukikataa utahudumiwa vilevile.

Haya yote hufundishwaje? Kwa mwalimu kuongea saa mbili na mwanafunzi kuandika mtihani wa insha, hayafundishiki. Zoezi ninaloliamini ni hili. Mwanafunzi anaandika tangazo, anatoka nje ya geti, anamwomba mtu asiyemjua alisome, awe bodaboda, fundi cherehani au muuza vocha. Hamuulizi kama amelielewa, maana watu wetu ni waungwana na kila mmoja atasema ndiyo. Anamuuliza: kwa tangazo hili, wewe utafanya nini kesho? Jibu lile ndilo linalosahihisha kazi, mimi naweka alama tu. Lile tangazo la maji, baada ya kurudi kutoka stendi, huwa linafanana na hivi: "Maji yatakatika Jumanne, Oktoba 14, 2025, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, mitaa yote iliyo kati ya stendi na soko kuu. Tunabadilisha bomba kubwa lililopasuka. Jazeni maji Jumatatu usiku." Chini yake kuna namba ya simu na jina la ofisi. Na kwa wasiopenda kusoma, maneno hayohayo yanarekodiwa kwa sauti.

Siku hizi wapo wanaoniletea kazi iliyoandikwa na programu ya akili mnemba. Huwa imenyooka, na mara nyingi imejaa "changamoto" na "jitihada zinaendelea". Siwakatazi kuitumia. Nawatuma stendi nayo.

Naomba basi, Mwenyekiti, idara zetu zikubali kwamba nusu ya kazi zinazopewa alama katika kozi ya mawasiliano ya kikazi ziwe za Kiswahili, na kwamba hakuna tangazo litakalosahihishwa kabla halijasomwa na mtu wa nje ya chuo. Wahadhiri wenzangu, hilo linahitaji tukubali darasa lenye vumbi kidogo na ratiba isiyonyooka. Nanyi maafisa habari mliokaa mstari wa mbele, milango yetu iko wazi kuanzia muhula ujao. Msituletee zile taarifa mnazojivunia. Tuleteeni matangazo yaliyowashinda, pamoja na maswali yote ambayo wananchi waliwauliza baada ya kuyasoma, mkiwa mmefuta majina na namba zao. Wanafunzi hawa wanayahitaji kuliko kitabu kingine chochote nitakachowaagizia.